Mwaka Nilipoziua Kaseti za Mwalimu

Mwezi uliopita nilipanda Kibirichia kwa mazishi ya Mwalimu Mutwiri. Nilichelewa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na pembe za hema zilikuwa bado zinadondosha maji, nikaketi nyuma kabisa pamoja na wanawake wa jikoni, ambao walikuwa wamepumzika kidogo baada ya kumenya viazi tangu alfajiri. Mbele, mzee wa kanisa alikuwa akisema kwamba katika maisha yake yote Mwalimu hakuwahi kukosana na mtu. Mama aliyekaa karibu nami akaitikia, "Ii, hiyo ni kweli kabisa," na mimi nikatazama viatu vyangu. Alikosana na mtu mmoja. Alikosana nami, kwa siku tisa kamili, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, na kosa lilikuwa langu lote. Sasa nina thelathini na mmoja. Nina kibanda changu cha kutengeneza redio na amplifaya mjini Embu, watu huniletea vyombo vya baba zao wakiniamini, na hakuna hata mmoja wao anayejua habari hii. Naiandika kwa sababu baada ya maombi Mama Kinya, mke wake, alinivuta kando akaniuliza kama bado naikumbuka siku ya ngano, na kabla sijajibu alinifinya mkono kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kiazi kama kimeiva.

Mwaka ule nilikuwa nimepata kibarua katika shamba la maua upande wa Timau. Vyumba vya karibu na shamba vilikuwa vimejaa, nikapangishwa chumba kimoja cha mbao uani kwa Mwalimu, ukuta mmoja na ghala lake la viazi. Nakumbuka harufu ya chumba kile kuliko ninavyokumbuka sura yake: udongo baridi, magunia, na moshi wa kuni ulioingia kwa chini ya mlango kila asubuhi Mama Kinya alipowasha moto. Kazini niliwekwa kwenye meza ya kuchagua maua. Unapima shina, unaangalia petali, lenye doa unatupa. Nilidhani nimezaliwa kwa kazi hiyo, lakini wiki ya pili msimamizi alisimama nyuma yangu akatazama pipa langu la taka. "Wewe msichana wa Embu," akasema, "hapo umetupa harusi tatu." Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaweka mkasi chini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na sidhani nimebadilika sana. Nikifunga mlango narudi kuushika. Nikiandika barua yenye kosa moja naianza upya, hata kama kosa liko kwenye mstari wa mwisho. Utengenezaji wa redio nilijifundisha mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na redio mbovu nilizonunua kwa bei ya chuma chakavu sokoni Embu, na kwa kuwa hakuna mtu aliyenifundisha, hakuna aliyewahi kuniambia mahali pa kuacha.

Jioni nilikuwa nakula kwa Mwalimu. Haikuwa sehemu ya makubaliano ya kodi. Mama Kinya alinisikia siku moja nikila mkate mkavu kupitia ukuta wa mbao, akaja akagonga: "Huo mkate unapiga kelele. Kuja ukule chakula." Basi kila siku basi la shamba liliponishusha sokoni nilipita nyumbani kwao kwanza. Tulikula mukimo, au viazi vilivyochemshwa na maganda yake pamoja na minji, na chai ya maziwa mengi kwenye vikombe vya bati vilivyochoma midomo. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vilivyofumwa, picha za watoto wa shule wakiwa wamepangwa kwa urefu, na kwenye kabati la ukutani, juu ya kitambaa chake chenyewe, amplifaya. Ilikuwa ya zamani, uso wa chuma kilichopigwa msasa, ubavu wa mbao, taa ndogo ya manjano ikiwaka nyuma ya mshale. Mwalimu aliinunua akiwa kijana, kutoka kwa daktari aliyekuwa anahama. Upande mmoja alikuwa na kinanda cha santuri, upande mwingine deki ya kaseti, na chini yake sanduku la viatu lenye kaseti kumi na moja. Hizo ndizo zilizokuwa roho yake. Miaka mingi alikuwa amefundisha kwaya ya shule ya msingi, na kila mwaka, kabla ya watoto wa darasa la mwisho kuondoka, aliwarekodi. Juu ya kila kaseti aliandika majina yao wote kwa mwandiko wa ubaoni. Jioni alichagua moja, akaisikiliza akiwa amefumba macho, akitaja watoto kadiri walivyoingia. "Huyo ni Kathure, alikuwa anaanza kabla ya wengine. Huyo ni Kimathi wa nyumba ya juu, sauti kama ng'ombe aliyepotea."

Shida ilikuwa moja tu. Akizungusha swichi ya kuchagua kati ya santuri, redio na kaseti ili ifike kwenye kaseti, spika ya kushoto ilinyamaza. Mwalimu alikuwa amepata dawa yake: kijiti cha kiberiti, alichokichomeka nyuma ya kishikio cha swichi ili kikae kimeinama kidogo upande. Kikiwa hapo, spika zote mbili ziliimba. Mimi sikuweza kukitazama. Nilikuwa nakula lakini jicho langu liko kwenye kile kijiti.

"Mwalimu, naweza kuitengeneza hiyo swichi," nikasema jioni moja.

"Kwani ina nini?"

"Si ina kijiti."

"Na kijiti kina nini?" akauliza Mama Kinya. "Kimekaa hapo miaka minane. Hakijaomba chakula."

Mwalimu alicheka, lakini niliona ameshawishika. Alikuwa mtu wa kuamini vijana. "Mwache ajaribu. Huyu wa Embu anajua vitu."

Jumapili iliyofuata walipokwenda kanisani nilibaki. Nilitandaza gazeti mezani karibu na dirisha, nikachora sanduku la amplifaya kwenye karatasi, na kila skrubu niliyoitoa niliiweka juu ya picha yake mahali ilipotoka. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Swichi ilikuwa ndani, nyuma ya uso wa chuma: sahani mbili ndogo, moja ya spika ya kulia na moja ya kushoto, na ukingoni mwa kila sahani vijiulimi vyembamba vya shaba iliyopakwa fedha, viwili viwili, vikiibana kama vidole vinavyoshika karatasi. Fedha ilikuwa imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nililowesha kipande cha karatasi kwa spiriti, nikakipitisha kati ya kila jozi mara kumi, kikatoka na uchafu wa kijani na kahawia. Nikaunganisha, nikawasha, nikaweka kaseti. Spika zote mbili. Bila kijiti. Nilizungusha swichi mbele na nyuma na kila mara zilirudi zote mbili. Kazi ilikuwa imekwisha. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye, kwa miezi kadhaa, nilijidanganya kwamba swichi ilikuwa imeshaharibika kabla sijaigusa. Haikuwa hivyo. Saa nne asubuhi ile swichi ilikuwa nzima, na Mwalimu na mke wake walikuwa bado kwenye wimbo wa pili.

Lakini vijiulimi vilikuwa bado vyeusi. Uchafu ulikuwa umetoka, weusi ulibaki, na nilipozungusha swichi nilisikia mkwaruzo mdogo ambao nina hakika hakuna sikio lingine Kibirichia lingeusikia. Nikachukua msasa. Nilisugua kimoja, kikang'aa. Sasa kingine kilionekana kibaya zaidi kando ya kile, nikakisugua pia. Fedha ikatoka yote, nikafika kwenye shaba ya manjano, nikaona ni uzuri. Kimoja cha upande wa kaseti kilikuwa kimepinda kidogo. Nilikinyoosha kwa ncha ya bisibisi, na kikakatika. Hakikutoa sauti yoyote. Kilidondoka kwenye gazeti kama ukucha. Nikasema nitatumia mwenzake wa sahani ya pili kuona jinsi kinavyokaa, nikakigusa, nacho kikakatika. Kushoto kwa kaseti hakuna, kulia kwa kaseti hakuna. Vijiulimi vya santuri na vya redio, ambavyo sikuwa nimevinyoosha, vilisimama vizima, vinang'aa. Nilirudisha kila skrubu mahali pake. Nilipanguza uso wa chuma. Vile vipande viwili niliviweka mfukoni, nikakunja gazeti.

Waliporudi, Mwalimu hakuvua hata koti. Aliweka santuri, akazungusha swichi, na muziki ukajaa sebule yote, safi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wawira, hata kwa daktari haikuwa inaimba hivi." Kisha akaenda kwenye deki, akaweka kaseti, akazungusha swichi. Kimya. Akaongeza sauti. Kimya. Akaniangalia, bila kunishuku hata kidogo, vile mtoto anavyomwangalia mtu mzima, na hicho ndicho kilichonimaliza.

"Ni kaseti, Mwalimu," nikasema. "Zikikaa kwa baridi miaka mingi zinakufa."

"Jana ilikuwa inaimba."

"Huwa zinaenda ghafla."

"Zote?"

Nilikuwa na nafasi pale. Nimeipima nafasi hiyo mara nyingi tangu wakati huo, ilikuwa ndefu ya kutosha mtu kuvuta pumzi na kusema neno moja. "Zote," nikasema. Nilitumia sauti ya daktari anayetoa habari mbaya. Mama Kinya alikuwa mlangoni akifungua kitambaa cha kichwa. Alikwenda jikoni kuweka chai.

Kwa miezi minne tangu siku hiyo niliendelea kula kwao. Mwalimu hakulalamika. Aliweka santuri wakati mwingine, kwa adabu, ili nisikie jinsi nilivyotengeneza vizuri. Lakini jioni nyingine alikuwa anatoa sanduku la viatu, anasoma majina juu ya kaseti kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama anayeita rejista, kisha anafunga. Jirani mmoja alipita kuazima toroli akamkuta akisoma. "Mwarimu, unaita watoto na shule imefungwa?" Mwalimu akajibu, "Naona kama kuna atakayeitika," wakacheka wote wawili. Mimi nilinyanyuka nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa vimeoshwa. Kwenye meza ya maua nilianza kupitisha mashina yenye madoa. Msimamizi alinisifu kwamba nimepata akili.

Nilijaribu kununua swichi. Nilitafuta Meru mjini kwenye maduka yote ya vifaa vya umeme, wakanionyesha swichi za taa. Mwishowe, siku yangu ya mapumziko, nilisafiri mpaka Embu kumwona Njue, fundi mzee wa redio ambaye nilikuwa nikinunua vifaa kwake. Alivaa miwani, akavitazama vile vipande viwili kwenye kiganja changu.

"Nani amepiga hii msasa?"

"Ilikuwa hivyo."

"Hm. Hii hupati. Hii swichi ni mkubwa wangu." Akanirudishia. "Lakini kwani santuri na redio zinafanya?"

"Zinafanya."

"Sasa shida iko wapi? Chomoa waya wa deki, chomeka kwa tundu la redio hapo nyuma. Weka swichi kwa redio. Kaseti itaimba."

"Ni hivyo tu?"

"Msichana, ulitaka iwe na upasuaji?"

Nilivirudisha vile vipande mfukoni. Dakika moja. Bila kufungua hata skrubu. Ningekuwa nimemwambia Mwalimu ukweli ile Jumapili, na kumwuliza mtu yeyote anayejua, angesikiliza kaseti zake siku ya pili. Na sasa nitasema jambo ambalo naona aibu nalo zaidi kuliko uongo wa kwanza: njiani kurudi sikupanga kukiri. Nilipanga uongo wa pili. Ningesema nimepata dawa Embu ya kufufua kaseti. Ningezipanguza kwa spiriti mbele yao, ningehamisha waya nikiwa nimewapa mgongo, na ningekuwa shujaa. Nilifanya hata mazoezi ya maneno.

Nilifika alasiri. Sanduku la viatu lilikuwa juu ya kochi, ndani kuna kaseti tano. Mama Kinya alikuwa anachagua mbegu za viazi mlangoni.

"Nyingine ziko wapi, Mama Kinya?"

"Zimeenda kwa ngano."

Sikuelewa. Akanieleza bila kuinua kichwa: kwenye shamba walilokodi juu, upande wa Timau, ngano imeanza kuweka punje na ndege wameshuka. Kule kila mwenye ngano hufunga utepe wa kaseti kutoka mti hadi mti, upepo ukiupiga unalia na kumetameta, ndege wanaogopa. "Mimi ndiye nilimwambia. Kama zimekufa, basi zifanye kazi. Alikaa siku mbili akikataa, leo asubuhi akabeba sita." Kisha akainua kichwa. "Mbona umekuwa hivyo?"

Nilipanda mlima mbiombio, karibu saa moja. Niliona shamba kabla ya kumwona yeye. Nyuzi za kahawia zilikuwa zimevutwa juu ya ngano, safu kwa safu, zikiwaka kwenye jua na kutulia na kuwaka tena, na hewa yote ilikuwa inavuma kwa sauti moja ndefu nyembamba. Mwalimu alikuwa upande wa mwisho, amevaa kofia ya sufu, anafunga utepe kwenye kijiti cha mkaratusi. Aliponiona alifurahi.

"Wa Embu! Njoo usikie. Ulisema zimekufa." Aliinua kidole. "Lakini sikia. Bado zinaimba."

Alikuwa anatania. Alikuwa amefika mahali ambapo angeweza kutania. Kama ningenyamaza, jambo lingekwisha hapo, yeye na amani yake na mimi na siri yangu, na ngano ikivunwa hakuna mtu angeuliza tena. Nilikuwa nimedanganya kwa miezi minne na sasa hata uongo haukuhitajika, kimya tu kilitosha. Niliingiza mkono mfukoni nikatoa vile vijiulimi viwili, nikavishika mbele yake kwenye kiganja.

"Mwalimu, hizi ni za swichi. Nilizivunja mimi. Ilikuwa imepona, nikaendelea kuisugua, nikazivunja. Kaseti hazikuwa na kitu."

Hakuvitazama vile vipande. Alitazama shamba.

"Kwa hivyo zilikuwa nzima," akasema.

"Ndiyo."

"Wakati nilikuwa nasoma majina. Ulikuwa umekaa hapo."

"Nilikuwa nimekaa hapo, Mwalimu."

Alimaliza fundo alilokuwa amelianza. Nakumbuka hilo, vidole vyake vikilikaza polepole mpaka likashika, kana kwamba kazi iliyoanzwa ni lazima iishe. Kisha akaanza kulifungua. Tuliuvuna ule utepe mpaka jua lilipofika kwenye mlima, yeye upande ule na mimi upande huu. Mahali pengine ulikuwa umekatika, pengine umejikunja na kushika mabua. Na kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: ukishatoka kwenye kaseti utepe hauna jina. Sita zile zilikuwa uzi mmoja wa kahawia mikononi mwangu, na sikujua nimeshika watoto wa mwaka gani.

Siku tisa hakunisemesha. Chai yangu iliwekwa kwenye dirisha la chumba changu, na kikombe kilikuwa cha moto, kwa hivyo nilijua sijafukuzwa. Kila alasiri nikitoka kazini niliketi mlangoni kwenye mwanga, nikavuta utepe kupitia kitambaa laini, nikautoa mchanga na umande, nikaunganisha palipokatika kwa selotepu niliyoikata nyembamba kama unyasi, nikazungushia kwenye kaseti kwa penseli. Mama Kinya alipita siku ya tano akanitazama. "Hata mimi nilimwambia azifunge," akasema, akaenda zake. Siku ya kumi Mwalimu aligonga mlango wangu. Aliinyooshea kidole kaseti ya kwanza niliyoimaliza.

"Kuja uweke."

Nilihamisha waya wa deki kwenye tundu la redio mbele ya macho yake. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kiazi, na alitazama mpaka mwisho. Kisha tukaketi. Watoto wakaanza kuimba, sauti zao zikiwa hafifu kama zinatoka ng'ambo ya bonde, na katikati ya mstari zikakatika, wakaingia watoto wengine, wimbo mwingine, katikati ya neno. Halafu, safi kabisa, sauti ya mwanamume kijana ikafoka: "Nyinyi wa nyuma! Mnaimba ama mnalia?" Mama Kinya alishika tumbo. "Ona! Hata upepo umeogopa kumgusa Mwalimu." Mwalimu hakucheka. Aliinua kidole tunyamaze, akainamisha sikio upande wa spika. Utepe ukaruka.

"Hapo ni mimi," akasema. "Hapo nilifunga fundo la kwanza."

Watoto wakaendelea. Ukaruka tena, mkwaruzo mrefu kidogo. "Hapo pia ni mimi, nilivuta sana." Kisha kukawa na pengo fupi, la kimya kitupu, selotepu yangu ilipopita mahali nilipokuwa nimekata zaidi ya ilivyohitajika ili kiungo kikae vizuri. Nilimwona anangoja. Alikuwa ananitazama.

"Na hapo?"

"Hapo ni mimi," nikasema.